Tende Isiyokuwemo Mkononi

Mahfudha alijua kwamba mwanawe ana usonji kabla hajalijua neno lenyewe. Watu waliposema mtoto atachangamka akianza kutembea, alinyamaza. Waliposema atachangamka akiacha ziwa, alinyamaza vile vile. Jibril alitembea, akaacha ziwa, akapita miaka mitatu, na bado kumwita kulikuwa kama kuita kisimani: sauti yako inakurudia mwenyewe. Lakini ukifungua karatasi ya biskuti chumba cha mwisho, alikuwa amekwisha kufika hata kabla hujaimega. Basi masikio yalikuwa mazima. Kilichopungua kilikuwa kitu kingine, na Mahfudha hakuwa na wasiwasi juu ya hilo. Wasiwasi ni wa mtu asiyejua. Yeye alijua, ila alitaka mwenye uwezo wa kumsaidia akione anachokiona yeye.

Mahali pa kumpata mtu huyo palikuwa chini ya kilima cha Mulago, mjini Kampala, kwenye kliniki ndogo iliyofunguliwa kwa ajili ya familia zilizokimbia vita vya Sudan. Hapo palikuwa panaanzishwa kundi la mazoezi: watoto wachache, walimu wawili, chumba chenye mikeka, na mzazi au mlezi mmoja kwa kila mtoto, naye akifundishwa namna ya kucheza na mtoto wake. Nafasi zilikuwa haba, na kundi lilikuwa lianze Jumatatu. Aliyetaka kuingia ilibidi kwanza aulizwe maswali ya uchunguzi. Maswali yakionyesha kwamba mtoto ana dalili, anaingia. Yakisema hana neno, anarudi nyumbani, na kundi jingine Mungu ndiye ajuaye.

Mahfudha mwenyewe hakuwa mkimbizi. Mababu zake walikuja Buganda na shehena za vitambaa kutoka pwani, wakalowea, na mpaka leo kaka zake wana duka la viungo upande wa Nakivubo, ambako yeye huuza tangu asubuhi mpaka alasiri. Mumewe, Sulaimani, ni mtu wa Omdurman aliyekuja Kampala kwa biashara ya kupeleka bidhaa Juba. Vita vilipolipuka, mama yake Sulaimani, Bi Umulkheir, alimfuata mwanawe, na nyumba yao ya kupanga karibu na Kibuli ikawa nyumba ya Kiarabu. Mahfudha alijifunza lugha hiyo jikoni, akichekwa. Mtoto akalelewa na bibi mchana kutwa. Bibi huyo wote walimwita Haboba, kama Wasudani wanavyowaita bibi zao.

Jibril lilikuwa jina la marehemu mume wa Haboba. Katika ukoo wao mkazamwana halitamki jina la baba mkwe, na mke halitamki jina la mumewe, hata kama mwenye jina yuko kaburini. Sulaimani naye, kwa heshima ya marehemu, alimwita mtoto "baba yangu." Kwa hiyo mtoto alikuwa na jina zuri ambalo nyumba nzima hakuna aliyelitumia. Wote walimwita Jiddo, yaani babu.

Alhamisi wakaenda kliniki, Haboba mbele, Mahfudha nyuma amemshika mtoto.

Muuguzi aliyewapokea aliitwa Zuleika. Alikuwa mtoto wa kambi ya polisi, baba yake askari Mkristo kutoka kaskazini, Mzee Ogwang, na mama yake Mnubi. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, kinachokwenda mbio bila kuangalia kimekanyaga nini. Kiarabu cha Sudan alikipata kupitia Kinubi cha mama yake, lugha iliyozaliwa na Kiarabu, naye alikisema kwa raha kiasi kwamba Haboba, aliyekuwa amenuna tangu wapande teksi, alivuta kiti akamkaribia.

Zuleika aliwasimulia habari za maswali yale, maana alikuwa ameyahangaikia na alitaka watu wajue. Yaliletwa kutoka nchi nyingine yakiwa kwa Kiarabu cha kuhutubia, kile cha mimbari na cha taarifa ya habari. Swali moja liliuliza kama mtoto hutumia kidole cha shahada kuonyesha kitu, na neno la Kiarabu lililotumika kwa kidole hicho lilifanana mno na neno la matusi. Mama mmoja alisimama na kushika mlango. Alisema mwanawe hajamtukana mtu yeyote tangu azaliwe, na kama kuna aliyeleta mashtaka ajitokeze. Haboba alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya tobe yake, ile shuka ya Kisudani aliyojitanda.

Basi Zuleika alibadilisha maneno yote yawe ya nyumbani. Akaona hayatoshi. Kulikuwa na mtoto wa binamu yake aliyeandikwa mahali fulani kuwa ana kasoro kwa sababu hakumtazama daktari machoni, na kumbe mtoto alikuwa anaonyesha adabu. Zuleika hakuisahau siku hiyo. Pembeni mwa kila swali akaweka kanuni: kama mila ya watu hawa ndiyo inayomzuia mtoto, swali hilo lisihesabiwe. Aliisema kanuni hiyo kama mtu anayeonyesha nyumba aliyoijenga kwa mkono wake.

"Hapa hakuna mtoto wetu ataandikwa mgonjwa kwa sababu ya adabu," alisema. "Si mbele ya mimi."

Mahfudha aliipenda kauli hiyo. Ilichukua muda kidogo kabla hajaona inampeleka wapi.

Maswali yakaanza, na aliyejibu ni Haboba. Ndivyo ilivyo: mama mkwe akiwapo, mkazamwana hamjibii mtoto mbele ya wageni, sembuse kumkanusha. Mahfudha alikaa karibu na mlango. Jibril alikuwa ameshavipanga viatu vyote vya wagonjwa kwa mstari mmoja, visigino vikitazama ukuta, na sasa alikuwa anainama kuhakikisha mstari umenyooka.

Je, mtoto huonyesha kitu kwa kidole? Haboba akajibu kwamba kwao mtoto aliyelelewa hanyooshei watu vidole. Zuleika akatikisa kichwa: hilo halihesabiwi. Je, huwatazama watu machoni? Haboba akamuuliza yeye, mtoto anayewakodolea wakubwa macho amelelewa na nani. Nalo halikuhesabiwa. Je, huitika jina lake? Hapo Haboba akasema tu kwamba wao humwita Jiddo, na Zuleika, mwerevu, akalielewa jambo kabla ya kuambiwa. Jina la babu, na hamlitaji? Basi huyu mtoto angeitikaje jina ambalo hajalisikia? Likaachwa.

Je, huleta vitu kukuonyesha? Huleta. Kila siku kabla ya sala ya adhuhuri humletea Haboba viatu vyake. Je, hukaa na watoto wenzake? Tangu asubuhi yumo katikati yao. Je, husema maneno? Husoma Alhamdu toka mwanzo mpaka mwisho, na tangazo la simu la kwenye redio pia, na sauti ya mtangazaji humo humo.

Yote yalikuwa kweli, na hapo ndipo Mahfudha alipokwama. Hakukuwa na neno hata moja la uongo la kulishika mkia. Viatu aliletewa, kwa kuwa Jibril hakuvumilia kiatu kilichotoka kwenye mstari. Katikati ya watoto alikuwapo, kama jiwe lilivyo katikati ya mto.

Zuleika alijumlisha, akatabasamu, akasema mtoto hana neno, wamrudishe baada ya nusu mwaka aangaliwe tena. Haboba alimwombea dua ndefu, yeye na mama yake Mnubi na hata baba yake askari.

Lakini Zuleika hakuwa kipofu. Alipokuwa anawasindikiza aliona uso wa Mahfudha, akamvuta kando na kumwambia kwa Kiswahili, polepole, "Dada, wewe una jambo. Kesho kutwa niko hapa nusu siku. Leta mtoto peke yako, nitauliza wewe."

"Siwezi," Mahfudha alisema.

"Unaogopa huyu mama?"

"Simwogopi. Mchana kutwa mtoto yuko naye, mimi niko dukani. Nikimleta kwa kificho nitapata nafasi na nitaikosa nyumba. Mazoezi yenu nitayafanya na nani?"

Zuleika alimtazama kama aliyetegemea kukuta maji ya kifundoni akakuta ya kiunoni. Akasema basi, njia ni yako, ila Jumatatu ni Jumatatu.

Jioni Sulaimani alipiga simu kutoka Juba. Mahfudha akamweleza, naye akasikiliza kwa upole wake wote. Kisha akasema mama yake amelea watoto saba na hajawahi kudanganya. Mahfudha akamjibu kwamba hakusema Mama amedanganya. Sasa tatizo ni nini? Mahfudha akasema akilijua atamwambia, na usiku mwema.

Alilijua Ijumaa asubuhi, mikono yake ikiwa kwenye karafuu. Kaka yake alikuwa amenunua chekeche jipya, la matundu makubwa, kwa kuwa lile la zamani lilikuwa linachosha. Karafuu nzuri ni ile nzima yenye kichwa chake. Ukichekecha, vumbi na vijiti hushuka, nzima hubaki juu. Kwa chekeche hili jipya vyote vilishuka pamoja, na juu hakikubaki kitu. Kaka alifurahi kwamba kazi ni nyepesi. Mahfudha alisimama akiutazama ule mchanganyiko chini ya meza, akamkumbuka Zuleika. Naye alikuwa ameyapanua matundu, kwa huruma, ili mtoto asiyehusika asinaswe. Sasa hata mtoto wake yeye, karafuu yake nzima, alipita akaanguka chini kwenye vumbi, na kila mtu akamshukuru Mungu.

Lakini kulirudisha lile chekeche la zamani hakukuwa jibu. Zuleika alisema kweli: mila ipo, na mtoto asiadhibiwe kwa adabu yake. Mahfudha alifunga paketi za karafuu akiligeuza jambo upande huu na upande huu. Kama ni mila, alijiuliza, mbona haiwafanyi hivi watoto wote wa Kisudani?

Aliporudi nyumbani baada ya sala ya Ijumaa, maana siku hiyo duka hufungwa mapema, alianza kutazama. Mlango wa pili waliishi jirani zao, Abudu na mkewe, watu wa Omdurman hao hao, na mtoto wao Mansur alikuwa mdogo kuliko Jibril. Naye alikuwa amekatazwa kunyoosha kidole. Kwa hiyo alinyoosha midomo. Akitaka embe lililo juu ya kabati, aliichongoa midomo yake miwili kulielekea, akazungusha macho kwako, akarudisha kwenye embe, mpaka ukachoka wewe. Naye alifundishwa asiwakodolee wakubwa macho. Kwa hiyo aliiba: ukimtazama anainamisha kichwa, ukigeuka anakuchungulia kama mwizi wa sukari. Naye hakuna aliyemwita Mansur. Walimwita Basbusa, kwa ajili ya mashavu yake yanayofanana na keki ile ya Kiarabu, na ukisema Basbusa hata kwa kunong'ona, kichwa kinachomoza.

Basi jibu likawa pale uani, limevaa kaptula. Mila humfungia mtoto mlango, naye hutafuta dirisha. Jibril hakutafuta dirisha. Na maswali ya Zuleika, yakishakuta mlango umefungwa kwa mila, yaligeuka na kwenda zake. Hayakuuliza habari za dirisha.

Sasa Mahfudha alikuwa na jambo la kumwambia Zuleika. Lakini Zuleika hakuwa mgumu. Mgumu alikuwa Haboba, naye si mtu wa kuambiwa. Ukimpinga anakuwa ukuta. Mahfudha alifikiri atumie njia gani, kisha akaona kwamba njia Haboba mwenyewe alikuwa ameshaitandika.

Kila Ijumaa alasiri Haboba hukalia kigoda uani na kucheza na watoto wa majirani mchezo wa kwao. Huchukua tende moja, huificha katika ngumi mojawapo, hunyoosha ngumi zote mbili na kuuliza, "Wenu?" yaani iko wapi. Mtoto akipatia anakula. Siku hiyo Mahfudha aliteka maji, akaosha vyombo vyake karibu na kigoda, akawa anatazama bila kusema.

Basbusa alikuja kwanza. Alichongoa midomo kuelekea mkono wa kushoto, lakini macho yake hayakuwa mkononi, yalikuwa usoni kwa Haboba, yakitafuta kama kuna kicheko kinachotaka kutoka. Haboba akajikaza. Basbusa akabadilisha, akachongoa kulia, akachungulia uso tena. Uso ukavunjika, na wote wawili wakacheka. Akapata tende yake.

Akaja Jibril. Hakuchongoa midomo. Alishika kifundo cha mkono wa Haboba kama mtu anavyoshika kopo lenye kifuniko kigumu, akavikunjua vidole kimoja kimoja, akaichukua tende, akala.

"Umeona?" Haboba alimwambia Mahfudha. "Huyu hapotezi muda. Kila wiki anapata. Na kuna watu wanakaa kumtafutia ugonjwa."

Mahfudha aliitua sufuria aliyokuwa anaiosha. "Mama," alisema, "hebu cheza nao tena. Safari hii usiweke kitu. Mikono yote miwili mitupu."

"Kuwadhulumu watoto?"

"Mara moja tu, Mama. Kisha wape wote mbili mbili."

Haboba aliona ni mzaha, naye alipenda mzaha. Akanyoosha ngumi mbili tupu kwa Basbusa. Basbusa akachongoa midomo kushoto. Haboba akafungua: hamna. Kulia: hamna. Mtoto akakaa ameduwaa, kisha akayainua macho yake makubwa moja kwa moja usoni kwa bibi, adabu imesahaulika, uso mzima ukiwa swali. Halafu akaelewa, akampiga Haboba kofi gotini na kusema ni mwongo. Haboba alicheka mpaka kigoda kikalia.

Akamnyooshea Jibril. Jibril akakunjua vidole vya kushoto, vyote. Hamna. Akakunjua vya kulia, vyote. Hamna. Akaitazama mikono ile miwili iliyofunguka. Kisha akaiacha, akageuka, akaenda kukaa karibu na bomba, ambako tone lilikuwa linadondoka na kungoja na kudondoka.

Haboba hakuishusha mikono. Alibaki ameinyoosha mbele yake, viganja juu, kama mtu anayeomba dua, akiungoja uso ule umgeukie na kumuuliza tende imekwenda wapi. Basbusa alimpanda gotini, naye hakumsikia.

"Hakuniuliza," alisema mwishoni.

Mahfudha alijifuta mikono kwa kanga.

"Mwenziwe ameniuliza kwa macho. Huyu amefungua, amekosa, ameondoka. Kama amefungua droo." Akaikunja mikono mapajani. "Mimi nilidhani ananijua, Mahfudha."

"Anakujua, Mama. Akiamka anakutafuta wewe, si mimi. Ila hajui kwamba uso wako unasema. Hicho ndicho wale walimu wanachofundisha, na sisi tukiwa tumekaa pale pale."

Haboba alimshusha Basbusa gotini, akanyanyuka. Alipotia udhu kwa ajili ya alasiri aliyatumia maji ya bomba lile lile, taratibu, ili asimwondoe mtoto alipokaa. Sala yake siku hiyo ilikuwa ndefu. Alipomaliza hakumtaja mtoto wala tende. Aliuliza tu kama yule binti wa kambini atakuwapo kesho.

Jumamosi alikivuta kiti kile kile, akakaa mahali pale pale. Zuleika alishangaa kuwaona wote watatu, akauliza kama kuna aliyeugua.

"Hakuna," Haboba alisema. Akamgeukia Mahfudha. "Sema wewe. Mimi Alhamisi nilisema vya kutosha."

Haikuwa kawaida, na Mahfudha aliujua uzito wake, lakini hakuwa na haja ya kutafuta maneno, alikuwa nayo. Alieleza kwa Kiarabu chake cha jikoni ili Haboba asikie kila kitu. Aliueleza mlango na dirisha. Akasimulia midomo ya Basbusa, na macho yake ya wizi, na jina lake la keki. Akasema kanuni za Zuleika zinamkinga mtoto kama huyo, na zikae. Lakini zikishamkinga, zisinyamaze, maana kuna mtoto mwingine amejificha nyuma yake.

Zuleika alikunja uso. Kazi ile ilikuwa yake, na mtoto wa binamu yake bado alikuwa moyoni. Akasema kwamba mtu akianza kuchimba hivyo, tutarudi kule kule, kila mtoto mwenye haya ataitwa mgonjwa.

"Mwenye haya huchungulia," Mahfudha alisema. "Mimi mwenyewe nilikuwa na haya, mama yangu mzazi anasema nilichungulia mpaka nikaolewa."

Zuleika akajizuia, akashindwa, akacheka. Akatazama karatasi yake kwa muda, akigonga meza kwa kalamu. Kisha akasema, kama anayejiuliza mwenyewe, kwamba mama yake Mnubi naye alionyesha kila kitu kwa kidevu, chumvi, mlango, mume, na hakuna mtoto kambini aliyekosea mama alitaka nini. Na yeye, binti yake, alikuwa amelifuta swali zima badala ya kuuliza habari za kidevu.

Akaandika chini ya swali la kidole: kama si kidole, je, kwa midomo, kwa kidevu, kwa macho? Chini ya jina: jina gani mnalomwita nyumbani, na je, hugeuka kwa hilo? Chini ya macho: je, huchungulia usipomtazama? Kila alipoandika moja alilisoma kwa sauti, na Haboba alilirekebisha. Neno hili ni la watu wa mjini, weka lile. Hapa usiseme "kuleta," maana kuleta hata punda huleta. Sema "kuleta ili muone wote wawili." Zuleika alifuta akaandika upya. Walibishana juu ya neno la kuchungulia mpaka mama mmoja aliyekuwa anangoja foleni akaingilia na la kwao Darfur, likachukuliwa hilo.

"Haya, Haboba," Zuleika alisema, na sauti yake ikatulia. "Sasa nauliza upya. Wewe ndiyo unajibu?"

"Mimi ndiye ninayekaa naye."

Je, akitaka kitu, hukionyesha kwa njia yoyote, midomo, kidevu, macho? Haboba alifikiri, mikono ameikunja. Hapana. Hunishika mkono akanipeleka. Je, mkimwita Jiddo, hugeuka? Hapana. Je, huchungulia? Hapana. Je, huleta kitu ili mkione pamoja?

Mahfudha alikuwa anamtazama Haboba kwa pembe ya jicho, na aliona kidevu chake kikipanda kidogo, kama cha mtu anayejitwika mzigo ambao ameshakubali ni wake.

"Viatu huleta," Haboba alisema. "Lakini haviletwi kwangu. Huletwa mahali pake. Andika hapana."

Zuleika aliandika. Hakuhitaji kujumlisha kwa muda mrefu. Akasema majibu haya hayamaanishi kwamba mtoto ameshapewa jina la ugonjwa. Daktari Atim wa kliniki hii atamwona kwa nafasi yake na kusema la mwisho. Lakini kwa kundi la Jumatatu yanatosha, na nafasi ipo. Kila mtoto anaingia na mtu mzima mmoja tu, chumba ni kidogo. Akamwangalia Mahfudha, kalamu tayari.

Mahfudha alikuwa ameshapanga maneno ya kumwambia kaka yake kuhusu asubuhi zake za dukani. Alifungua kinywa.

"Huyu ana karafuu zake," Haboba alisema. "Andika Umulkheir. Na useme ni saa ngapi, binti wa kambi, maana mimi sipendi kufika mahali nikute watu wameshaanza."